Re: Mjomba anataka kuja na miraa (na ubishi wa jana msikitini)

Kutoka: Kijana wa Birmingham

Assalamu alaykum jamaa. Mjomba wangu anatua Heathrow wiki ijayo akitokea Nairobi, na amenipigia simu akiuliza kama abebe "zawadi ya Maua", ule mji wa Meru inakotoka miraa. Nilicheka, lakini nataka uhakika: kilo moja tu, ya kuchana (kutafuna) mwenyewe, ina shida? Halafu jana baada ya Isha tulibishana sana. Kama Uingereza imeweza kupiga marufuku, Somalia inashindwa nini?

Kutoka: Mama wa Leicester

Waalaykum salaam mwanangu. Mjomba aiache huko huko. Tangu tarehe 24 Juni 2014 miraa hapa ni dawa ya kulevya, kundi C. Utasikia watu wakisema polisi wanaonya tu. Ni kweli, ukikutwa barabarani na kidogo cha kwako: mara ya kwanza onyo, ya pili faini ya pauni 60, ya tatu unakamatwa. Lakini kuipitisha uwanja wa ndege ni kuingiza dawa nchini, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. Asidanganywe apitie Amsterdam pia, Waholanzi waliifunga mapema, Januari 2013.

Huo ubishi wenu sasa. Mimi ni Mswahili wa Mombasa niliyeolewa na Msomali, kwa hiyo hili jani nimeishi nalo. Miraa ikipita siku mbili nguvu imekwisha, ndiyo maana mume wangu alikuwa anajua siku za ndege kuliko anavyojua siku za kuzaliwa watoto wake. Fungu moja lilikuwa pauni tatu. Akitoka kuichukua anapita nyumbani kuchukua chupa ya chai, ananiachia jani la mgomba lililofungia, mimi naliosha nafunikia wali (ndiyo faida pekee niliyoipata). Kisha marfish, baraza lao la kuchana, mpaka saa nane usiku. Anarudi na handasi, yaani stimu ya miraa, ananiamsha anieleze hoteli atakayojenga Kismayu: ghorofa nne, msikiti juu, jenereta mbili. Asubuhi ikishashuka, mtoto akiangusha kijiko anafokewa kama kavunja kabati.

Ilipopigwa marufuku alilala wiki nzima kama mgonjwa. Baadaye akaanza kula chakula cha jioni na sisi. Theresa May, waziri wa mambo ya ndani wakati ule, alishauriwa na wataalamu wake mwenyewe asipige marufuku, akakataa, na mimi kwa hilo moja namshukuru.

Lakini huku ni kisiwa, na jani lilikuja kwa ndege. Somalia ina mpaka mrefu na Ethiopia, na Ethiopia nao wanalima. Rais wao Siad Barre alipiga marufuku 1983. Mahakama za Kiislamu, kundi lililoshika Mogadishu mwaka ule, zikapiga marufuku 2006, watu wakaandamana Kismayu, na Mahakama zilipoondoka Mogadishu jaad (ndiyo miraa kwa Kisomali) ikarudi sokoni. Machi 2020 serikali ya Somalia ikazuia ya Kenya, Julai 2022 ikaifungulia. Katika muda huo wote sijasikia mtu aliyeacha, nilisikia bei tu ikipanda.

Na nani anauza? Wifi yangu yuko Mogadishu, mjane, watoto wanne wamesoma kwa meza ya jaad na mwavuli. Yeye mwenyewe hali hata kijiti. Ule mwaka wa 2020 tulimlisha sisi kutoka hapa. Anayetaka marufuku aniambie kwanza meza ile itauza nini.

Kutoka: Mzee wa Southall

Mama, kwa heshima. Marfish haikuwa ya kuchana tu. Kazi yangu ya kwanza niliisikia pale, na mtu akifa mchango tulikusanya pale pale. Siku hizi wazee wenzangu wanakaa na televisheni. Wengine wanaagiza majani makavu kwa posta, ghali mara nyingi, na hayana hata ladha.

Kutoka: Mama wa Leicester

Baba, nakubali, na mkifungua baraza ya kahawa na kashata nitawapikia mwenyewe. Ila mkeo alikuwa anakusubiri.

Jambo la maana kwa wote: acheni kumtumia pesa mkononi mtu anayekula miraa. Nilituma dola mia kila mwezi kwa shemeji, nikaja kujua zinaliwa kabla Ijumaa haijafika. Sasa ada naipeleka shuleni moja kwa moja, na mwenye duka ana daftari: mchele, mafuta, maziwa ya unga, basi. Shemeji alininunia miezi mitatu. Mama yake hakuninunia.

Kutoka: Kijana wa Birmingham

Ahsante mama. Nimempigia mjomba, amesikitika sana kuhusu serikali ya Uingereza. Anauliza kama mabuyu yanaruhusiwa.