Peugeot 504 haivuti mlima wa Sachangwan, na kabureta imeshafunguliwa mara tatu

PoshoMill_Njoro

Wazee hamjambo. Nisaidieni kabla sijairudisha gari hii Molo nikadai mitamba yangu.

Ni 504 saluni ya 1979, petroli, 1971 cc, gia nne, kabureta ya koo mbili. Niliipata mwezi wa nne kwa mitamba wawili na elfu arobaini juu. Mimi ni mtu wa kusaga unga. Injini niliyoizoea ni ya dizeli, inazunguka mwendo mmoja kutwa na haina habari za plagi.

Asubuhi inawaka bila maneno, haitoi moshi, na mjini Nakuru inatembea vizuri tu. Shida ni barabara ya Eldoret. Ukishapita Salgaa, barabara ikianza kupanda kwenda Sachangwan, nikikanyaga mafuta ni kama nimekanyaga mto wa kulalia. Haikohoi, hairuki, haizimi. Inakataa tu. Gia ya tatu, 55, mguu uko sakafuni. Juzi lori la viazi lilinipita na turnboy akanipungia mkono.

Nimeweka plagi mpya, filta ya petroli, pointi na kondensa. Fundi mmoja amefungua kabureta mara tatu, kila mara 2,500. Mara ya tatu akasema injini imechoka, nitafute ya Toyota. Mengine ni urembo tu: viti nimeshonesha, kapeti mpya, redio.

Naks_Turbo

Mafuta hayo yamechanganywa na mafuta ya taa. Badilisha kituo. Ikikataa, weka injini ya Toyota uishi kwa amani.

PoshoMill_Njoro

Nimejaza vituo vitatu tofauti, kijana. Ni yale yale.

FundiMzee_Kibos

Mwenye posho mill, usiuze. Nimeinama juu ya hizi gari tangu zikiwa zinabeba abiria Kisumu–Nairobi. Na wewe Turbo, 504 ilishinda Safari Rally 1975 mikononi mwa Ove Andersson, leo uivishe moyo wa Toyota? (Ndiyo, najua, Andersson huyo huyo baadaye aliongoza timu ya mbio ya Toyota. Hilo halikuhusu.)

Ulivyoandika "haikohoi, hairuki, inakataa tu" umenisaidia kuliko hizo plagi zote. Injini inayokosa petroli mlimani huenda kwa mishtuko: inapata, inakosa, inapata. Cheche ikipotea, utasikia pigo linaruka. Yako ni laini lakini dhaifu. Kwa hiyo ama nguvu inapotea njiani, ama cheche inachelewa, ama hewa haiingii ya kutosha.

Ya njiani ni rahisi. Mlimani sauti ya injini ikipanda na mwendo usipande, klachi inateleza. Ukisimama, karibisha kiganja kwenye kila rimu. Moja ikiwa na moto kuliko wenzake, breki imeshika.

Cheche: fungua kifuniko cha distribyuta (ile inayogawa cheche kwa plagi), shika rota, kile kinachozunguka ndani yake, izungushe kidogo upande inaokwenda injini ikiwaka, halafu iachie. Irudi yenyewe kwa springi. Ikibaki ulipoiacha, vile vizito vya chini vinavyowahisha cheche vimeganda, na ukienda mbio cheche haiwahi. Kisha chomoa mpira mwembamba unaotoka kwenye kabureta kwenda distribyuta, uuvute kwa mdomo upande wa distribyuta, uzibe kwa ulimi. Ulimi ukinaswa, diaframu, ule utando wa ndani unaovutwa na hewa, ni nzima. Ukivuta hewa tu kama unavyovuta sigara, imepasuka. Lakini asikuuzie mtu hiyo diaframu kuwa ndiyo dawa ya mlima. Ukikanyaga hadi mwisho mvuto wa hewa hushuka na hiyo haina kazi kubwa. Mlimani wanaofanya kazi ni vile vizito.

Hewa ndiyo ninayoishuku zaidi. Zima injini, toa kifuniko cha filta ya hewa, mtu akae ndani akanyage mafuta polepole hadi mwisho. Wewe chungulia kwa tochi, na sigara iwe mbali, maana kila akikanyaga utaona mshale mwembamba wa petroli ukirushwa kooni. Koo la kwanza lifunguke hadi kibao kinacholiziba kisimame wima. La pili huanza kufunguka pale mguu ukishashuka sana. Kanyagio likigota mapema, hilo la pili halijui hata kama kuna mlima.

Kapeti mpya, ulisema?

Kericho_404

Na urefu kutoka baharini je? Njoro iko zaidi ya mita 2,000.

FundiMzee_Kibos

Kweli, injini kama hii hupoteza kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo asiitegemee kuvuta kama iko Mombasa. Lakini 55 kwa gia ya tatu si urefu huo. Lori la viazi nalo lilikuwa huko huko.

PoshoMill_Njoro

Jaduong', mzee wangu, nimerudi.

Mke wangu alikaa kwenye usukani na viatu vya kanisani, mimi na tochi. Koo la kwanza lilifunguka kama robo tatu. La pili halikutikisika. Nikamwambia akanyage, akanijibu nimefika mwisho, nisimpigie kelele.

Nikafunua kapeti. Aliyeiweka hakutoa ile ya zamani. Aliacha sponji lake pale, akaikunja mpya mara mbili chini ya kanyagio, unene wa chapati nne zilizopangana. Katikati kuna shimo la kiatu changu, nimelichimba mwenyewe miezi yote hii. Nikakata yote kwa kisu cha magunia. Hata hivyo koo la pili likafunguka nusu tu, kumbe waya wa aksileta nao ulikuwa umelegea. Nimeukaza kwenye skrubu yake hadi vibao vyote viwili vikasimama.

Rota ilirudi, lakini kwa uvivu. Nikadondoshea oili matone mawili, sasa inaruka. Diaframu ulimi ulinaswa, na bado nasikia ladha ya petroli.

Jumapili Sachangwan: gia ya tatu, 80, na ilikuwa bado ina hamu.

Ila kitu kimoja. Nikikanyaga kwa ghafla inashtuka kwanza, kama inafikiria, ndiyo iende.

FundiMzee_Kibos

Ule mshale wa petroli, ulikuwa mfululizo au ulidondoka matone?

PoshoMill_Njoro

Matone.

FundiMzee_Kibos

Diaframu ya pampu ndogo ubavuni mwa kabureta, ile inayorusha mshale huo, imekakamaa. Usimrudishie yule wa 2,500. Ukishuka Kisumu pitia Kibos, ni kazi ya chini ya saa moja. Njoo na debe la unga, na usisahau ile kapeti, nataka kuiona.