Mwezi ujao napunguzwa tumbo, na kazi yangu ni kupika shughuli. Mliopitia mnaishije?

Mpishi wa Temeke

Wanajukwaa salamu, wakubwa shikamooni.

Mimi ni mama wa miaka 41. Napika harusi, arobaini, maulidi, vikao vya kuvunja kamati, popote penye watu wa kula. Kilo 138, urefu sentimita 160, daktari kapiga hesabu ya BMI, ile ya uzito kwa urefu, ikaja 54. Presha ninayo, sukari ninayo, magoti yamegoma, na usiku nakoroma mpaka watoto wamehamia sebuleni. Nimejaribu kila kinachouzwa mjini hapa, chai za kukata tumbo, kushinda na matango, kufunga kula mpaka jioni. Napungua, narudi, naongeza na za juu. Kwa hiyo tafadhali asije mtu kuniambia nitembee.

Puto la tumboni, lile wanaloweka hospitali ya Mloganzila, daktari alinieleza ni la muda, linatolewa baada ya miezi. Kwa uzito wangu akashauri slivu: wanakata na kutoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula, kama asilimia 80, kinachobaki kina umbo la ndizi. Nimekubali.

Mambo ya hospitali nimeelezwa vizuri. Nisichoelezwa ni maisha. Pilau la watu 300 ukikosea chumvi umeharibu jina, sasa nitaonjaje? Shughulini tunakula sinia moja watu watano sita, nikiinuka baada ya matonge matatu watasema nini? Ramadhani je? Na kinachoninyima usingizi kabisa ni hiki: mjini kwetu ukipungua ghafla watu hawasemi umependeza, wanaulizana unaumwa nini. Mteja akidhani mpishi mgonjwa, ataniita tena?

Mume wangu anajua. Mama mkwe hajui.

Mzee wa Kiwanja

Pole mama. Ila hela hiyo mimi ningenunua kiwanja. Acha ugali wa usiku, kunywa maji ya moto na ndimu. Unene ni kujiendekeza tu.

Mpishi wa Temeke

Kiwanja ndicho nilichouza, kaka. Cha Chanika.

Mwalimu Tanga

Dada, huyo muache na ndimu zake. Mimi nafundisha sekondari, nilifanyiwa baipasi India miaka mitatu iliyopita, yaani tumbo linafanywa dogo na kuunganishwa upya na utumbo. Nakueleza nilivyoishi, ya daktari wako yabaki ya daktari wako.

Kabla ya kulazwa watakupa mlo wa kama wiki mbili, wanga karibu wote unaondolewa. Sababu ni ini. Ini letu sisi wanene limejaa mafuta, limevimba, na limelalia tumbo. Daktari anaingia na kamera kupitia vitundu vidogo, na hilo ini lazima aliinue ndipo apate njia. Likiwa kubwa kazi inakuwa ngumu na ya hatari zaidi. Wiki hizo usipokee shughuli, mpe mwenzio. Mimi siyo mpishi, lakini harufu ya kitunguu cha jirani ilinitoa machozi, wallahi.

Ukizinduka huenda bega likakuuma kuliko tumbo. Ni ile gesi wanayojaza ili waone ndani. Dawa yake kutembea, na manesi watakuinua siku hiyohiyo, usiwanunie.

Baada ya hapo ni vimiminika, kisha vya kupondwa, kisha vilaini. Kipimo changu kilikuwa kikombe cha kahawa, hivi vidogo visivyo na mkono vya wauza kahawa. Supu ya kuku iliyochujwa, nusu kikombe, namaliza kwa nusu saa. Maji huyachanganyi na chakula, unakula kwanza, unakaa kama nusu saa ndipo unapiga funda. Kwetu tuliozoea kuteremshia tonge na maji, hapa ndipo penye kazi. Wali na chapati vilichelewa sana kurudi. Tonge lisilotafunwa linakwama kifuani, mate yanajaa mdomoni, mazito, yana povu, na hapo mezani hukaliki tena. Usinywe maji ya kulisukuma. Simama, tulia, lipite au litoke.

Kila mlo unaanza na protini. Waliniambia gramu 60 kwa siku kwenda juu, na yai moja lina kama gramu 6, hesabu mwenyewe. Mimi niliokolewa na samaki, mtindi, choroko za kupondwa, na dagaa niliowakausha nikawasaga, unga wao nikawa nanyunyizia kila kitu, hadi uji.

Sukari sasa. Idi ya kwanza tuko kwa wakwe, shangazi yake mume wangu akanitia halua mdomoni kwa mkono wake. Unaitemaje? Haukupita muda moyo unakimbia, jasho jembamba linanitoka, tumbo linasokota. Nikalazwa mkekani uani, wamama wananipepea kwa kanga huku wanasoma dua. Kwa mtu wa baipasi sukari nyingi inamwagikia utumboni kwa mkupuo, mwili unapigwa. Ninyi wa slivu haiwapati sana, ila inawapata.

Ramadhani ile sikufunga. Daktari alikataa, maji ya siku nzima hayaingii usiku mmoja kwa tumbo lile, ni funda funda. Nilikuja kulipa baadaye kwa ruhusa yake.

Kwenye maneno ya watu nitarefusha kidogo. Kama mwezi wa nne nywele zilianza kutoka (zilirudi zenyewe), mashavu yakaingia, pete ikawa inachomoka nikifua. Jumamosi moja nasikia hodi. Walimu wenzangu wanne, boksi la juisi, kilo mbili za sukari na bahasha, nyuso za msibani. Mkuu msaidizi akakohoa, akasema, "Mwalimu, siku hizi dawa zipo, watu wanaishi." Nikaangua kicheko, ndio wakazidi kunihurumia. Ilibidi niwaite wale wawili wa kike chumbani, nikapandisha dera, nikawaonyesha makovu. Kufika Jumatatu shule nzima inajua. Kunong'ona kulikoma, wakaanza kuniuliza bei.

Wapo watakaokushauri uwe msiri. Kwa mtu anayelisha watu sikubaliani nao. Wateja waambie wewe mwenyewe, na mama mkwe umwambie kabla hajaambiwa na jirani.

Bahasha niliirudisha. Sukari wameinywea chai wageni.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mwalimu kamaliza mengi, naongeza ya dawa.

Magoti yakikuuma usiende dukani kuchukua diklofenaki wala ibuprofeni kama ulivyozoea. Zinaleta vidonda vya tumbo, kwa wa baipasi hatari ni kubwa zaidi, na hata wewe wa slivu uliza kwanza. Parasetamoli inatosha kwa kuanzia. Dawa za sukari na presha: dozi ya mtu anayekula sahani siyo ya mtu anayekula nusu kikombe. Nyingine zinapunguzwa mapema kabisa, pengine ungali wodini, kwa hiyo ukirudi nyumbani upime, usimeze kwa mazoea mpaka sukari ikakuangusha jikoni. Vitamini ni za maisha yote, na damu ipimwe kila unapopangiwa, hasa B12, madini ya chuma na vitamini D.

Ukitapika siku mbili tatu mfululizo usisubiri tarehe ya kliniki. Vitamini B1 inaisha haraka mwilini, na inayoumia ni mishipa ya fahamu na ubongo. Nimeona mgonjwa akiletwa hawezi kusimama, nyumbani walikuwa wanamkanda miguu.

Halafu mama, miaka 41 usiidharau. Uzito ukishuka, mayai yaliyokuwa yamelala yanaamka. Ushauri ni mimba isubiri miezi 12 hadi 18. Panga uzazi kabla hujalazwa, na mumeo awepo mkiongea.

Wa Nakuru

Hamjambo. Mimi ni wa slivu pia, mwaka wa tano huu. Kipande wanachotoa ndicho kinachotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, kwa hiyo mwaka wa kwanza nilikuwa nakumbushwa kula na mke wangu. Kilo zikaanguka zenyewe. Mwaka wa pili njaa ikabisha hodi. Nyama vipande vitatu vinanijaza hadi leo, lakini krips, biskuti na chai ya maziwa yenye sukari zinapita mchana kutwa bila kukwama popote. Hivyo ndivyo sehemu ya uzito hurudi kwa wengi wetu. Kwako dadangu hatari haiko kwenye sahani, iko kwenye kijiko cha hapa na pale tangu alfajiri.

Kiungulia nacho ukitarajie, slivu huweza kukileta ama kukizidisha. Kama unacho tayari, mwambie daktari kabla hajakukata, maana huenda akabadilisha aina ya upasuaji. Na ngozi haiendi na mafuta. Mimi nikivua shati nafanana na mtu aliyeazima mwili wa mkubwa wake. Nimezoea.

Mpishi wa Temeke

Asanteni sana, nimesoma na mume wangu kaja kusomea begani. Kiungulia ninacho cha miaka, na sikuwahi kukitaja kliniki kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Kesho asubuhi napiga simu.

Mwalimu, hujanijibu la sinia. Na la kuonja.

Mwalimu Tanga

Sinia rahisi. Uwe wewe wa kugawa nyama. Nani anamhesabia matonge mgawaji? Mkono wako unaonekana humo muda wote, minofu unawasogezea wenzio, wanainuka wanakushukuru. Mimi nimekula hivyo harusi nyingi na hakuna aliyegutuka.

Kuonja, onja uteme, kopo pembeni. Wiki za mwanzo hata hilo liache.

Mpishi wa Temeke

Basi ataonja mtoto wa dada yangu. Chumvi ya pilau anaipata, ya mchuzi bado ananikosea.

Swali la mwisho. Nina harusi Mbagala, nimeshapokea advansi, inaangukia wiki ya tatu baada ya upasuaji. Kusimamia tu, siyo kula. Nitaweza?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Sufuria la pilau la watu 300 linanyanyuliwa na nani?

Mpishi wa Temeke

Mimi na kijana mmoja.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Basi rudisha advansi. Kunyanyua vizito ni mpaka wiki nne hadi sita, kwa ruhusa ya daktari, na wewe ukifika jikoni hutakaa kwenye kiti, nakujua bila kukuona. Wiki ya tatu utakuwa bado kwenye vya kupondwa, umesimama kwenye joto la kuni, maji hayajakutosha. Mwenye harusi mwambie leo, apate muda wa kutafuta mpishi mwingine.