Wakuu nasoma bayolojia Marekani, nichukue maina ya bioinfomatiki au najitafutia stresi?

kijana_wa_Makorora:
Habari zenu wakuu, naombeni msinipite hivi hivi. Niko mwaka wa pili chuo kimoja cha serikali huku Marekani, meja yaani kozi yangu kuu ni bayolojia, na chuo kinaruhusu mtu kubeba na maina yaani kozi ya pembeni inayoandikwa kwenye transkripti, sasa nimeona wana maina ya bioinfomatiki (kuchambua data za bayolojia kama DNA kwa kompyuta), krediti 18. Ndani kuna Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) ya kuanzia, takwimu, jenetiki, utangulizi wa bioinfomatiki wenyewe, halafu kuna dubwana linaitwa miundo ya data na algoridhimu ambalo hata watu wa kompyuta wanalilia, na ya sita unachagua. Mimi Advance nilisoma CBG (kemia, bayolojia, jiografia), hesabu yangu ni BAM tu, ile hesabu ya msingi ya wasiochukua hesabu kamili, na hiyo BAM yenyewe tuliachana kwa amani.

Binamu yangu yuko Texas anasema nichukue maana ndo itanipa ile miaka mitatu ya kufanya kazi nikimaliza. Mama nyumbani Tanga anajua nasomea udaktari, hiki kitu hata sijui nitamwelezaje. Mwisho wa kujaza fomu ni mwisho wa mwezi huu. Je ina maana yoyote au ni kupamba CV tu? Nawasilisha.

mkuu_kipara:
Umevuka bahari kusoma mende na panya unataka uongeze na kompyuta. Dogo sa hivi AI inafanya kila kitu, mpaka maumbo ya protini inayakisia yenyewe na watu wakapewa Nobel 2024. Chukua maina ya biashara uje kunishukuru.

dada_pipeti:
Kipara hiyo AlphaFold unayoisema ilijifunza kwa maumbo ya protini yaliyokusanywa PDB, ile hazina ya maumbo ya protini, tangu 1971, kila moja kuna mtu wa maabara alikesha nalo. Na ikishakupa umbo bado anatakiwa mtu anayejua hiyo protini inafanya nini mwilini. Huyo mtu ndo mwanafunzi wa bayolojia anayejua kutumia kompyuta, kwa iyo mfano wako unamsaidia dogo sio wewe.

Mdogo wangu mimi niko maabara ya jenetiki, nusu ya kazi yangu ni benchi na nusu kompyuta. Nikuambie ukweli, kwenye intavyuu sijawahi kusikia mtu anaulizwa jina la maina yake. Anachopewa ni faili. Mfano FASTQ, lile faili ghafi linalotoka kwenye mashine ya kusoma DNA, kila kipande kinakaa mistari minne, wa kwanza unaanza na alama ya @, wa pili zile herufi A C G T, wa tatu una alama ya kujumlisha, wa nne alama za ubora wa kila herufi. Mtu anaambiwa hesabu humu kuna vipande vingapi, mbio mbio anaandika amri ya kuhesabu mistari inayoanza na @, anapata jibu zuri tu ila ni la uongo, maana @ ni alama halali ya ubora pia, kwa iyo mstari wa nne nao unaweza kuanza nayo. Anayejua anahesabu mistari yote anagawa kwa nne basi. Ni hesabu ya darasa la nne hiyo, BAM haihitajiki, kinachohitajika ni kujua faili limekaaje.

Kingine Eksel. Kulikuwa na jeni zinaitwa SEPT2, MARCH1 na wenzake, ukifungulia Eksel inazigeuza tarehe kimya kimya. 2016 watu walipitia majedwali ya jeni yaliyoambatanishwa kwenye makala za kisayansi wakakuta karibu moja kati ya tano ina huo uchafu, mpaka 2020 kamati ya majina ya jeni ikaamua kubadilisha majina yenyewe, sa hivi ni SEPTIN2 na MARCHF1. Yaani imekuwa rahisi kubadili jina la jeni ya binadamu kuliko kuibadili Eksel 😂

Kwenye orodha yako takwimu ndo roho ya mambo yote, hiyo isome kama unakula. Python sawa. Algoridhimu ni kwa anayetaka kutengeneza zana, wewe unataka kuzitumia, muulize advaiza kama unaweza kuibadilisha na kozi ya R (lugha ya kompyuta ya takwimu) au ya jenomiki (kuchambua DNA yote ya kiumbe).

mzamiaji_halali:
Naomba nimsahihishe binamu. Ile OPT (ruhusa ya mwanafunzi wa nje kufanya kazi Marekani akimaliza) ya miezi 12 na nyongeza ya miezi 24 ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu) zinaangalia MEJA, maina hata haihesabiwi. Bayolojia tayari iko kwenye orodha ya STEM kwa iyo hiyo miaka mitatu unayo njia yake hata ukichukua maina ya kucheza tarumbeta. Ila kazi lazima iendane na meja yako, na usitegemee maneno ya jukwaani, nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa hapo chuoni wakuthibitishie, sheria hizi zinaguswa guswa sana.

Na pia angalia ada. Kama maina inakuongezea semista nzima achana nayo kabisa, semista moja kwa mwanafunzi wa nje ni kiwanja Kigamboni. Uliza ni krediti ngapi zinaruhusiwa kuhesabiwa pande zote mbili, meja na maina.

Otis_254:
Maze usitishwe na hao wa biashara. Huku Kenya hii kitu iko na njia, Pwani University kule Kilifi wako na masters ya bioinfomatiki na UoN (University of Nairobi) pia wanayo. Wakati wa korona maabara ya KEMRI-Wellcome hapo Kilifi ilikuwa inasoma jenomu za virusi, haikuwa lazima kila sampuli ipelekwe Ulaya. Watu wa kuchukua damu tuko nao wengi, wa kukaa na data baadaye ndio wachache. Kitu moja tu, usisubiri maina ikufunze, Rosalind iko mtandaoni bure, ni maswali ya bayolojia unasolvu na Python, jaribu kama tano hivi wikendi hii. Ukiona umechoka na unachukia, umepata jibu kabla ya deadline.

mjukuu_wa_Karagwe:
Kuhusu mama mimi nina jibu. Usimwambie bioinfomatiki, mwambie malaria. Ile dawa mseto tunayomeza wote ina dawa ya jamii ya artemisinini, na 2020 ilitangazwa kuwa Rwanda kuna vimelea vyenye badiliko linaitwa R561H kwenye jeni ya kelch13, vimelea hivyo vinachelewa kuisha damuni mgonjwa akishameza dawa. Baadaye badiliko hilo hilo likaonekana kwetu Kagera. Darubini ya zahanati inakuonyesha kimelea, haikuonyeshi badiliko, lazima usome DNA yake ulinganishe herufi kwa herufi kwenye kompyuta. Mwambie mama wewe utakuwa unafanya hiyo. Mama wa Tanga kwenye malaria haumfundishi kitu.

mkuu_kipara:
Hapo kwenye malaria nimenyamaza. Ila dogo biashara bado ina hela.

kijana_wa_Makorora:
Wakuu nimewasoma wote, dada_pipeti ubarikiwe sana. Leo nimeenda kwa advaiza, kumbe jenetiki na takwimu zinahesabiwa kote kote, kwa iyo kozi mpya kwangu ni nne na siongezi semista. Algoridhimu amesema nitaandika barua ya kuomba kuibadilisha na R, akasema wengi wanaomba na wanakubaliwa. Ofisi ya kimataifa nao wamesema kama alivyosema mzamiaji, maina haiwahusu. Rosalind nimefanya ile ya kwanza ya kuhesabu herufi za DNA, nimetumia saa nzima kwa kitu cha mistari mitatu ila nilivyoona imekubali niliruka ruka chumbani mpaka rumeti akaamka.

Swali la mwisho, laptopu yangu ni Windows ramu 4, inatosha au nianze kuchangisha?

dada_pipeti:
Kwa kozi ya kwanza inatosha, usichangishe. Python fanyia Google Colab, inaendeshwa kwenye mashine zao sio yako. Kuna Galaxy pia, unapandisha mafaili kwenye seva yao na uchambuzi unafanyika huko huko, bure. Halafu uliza chuoni kama wana kompyuta kubwa ya pamoja, wanafunzi wengi hawajui kuwa wana haki ya kuomba akaunti. Ukishaipata, laptopu yako inabaki kuwa kioo na kibodi tu. Ila jifunze Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows) mapema kwa sababu hizo mashine kubwa karibu zote utakuta ni Linux, na huko ukikosea amri ya kufuta hakuna kapu la taka la kwenda kuokota faili.