Nyumba ya bibi Kiponda: lipu inabanduka, nianzie wapi?

Bi Mdogo wa Kiponda
Assalaam alaykum jamani. Nyumba yetu ipo Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ghorofa mbili, ya marehemu bibi. Warithi tuko tisa: mmoja Muscat, wengine Dar, na anayelala humo ni mimi na wanangu tu, kwa hiyo kila kinachodondoka kinatudondokea sisi.

Miaka kumi nyuma fundi mmoja alitupigia lipu ya saruji ukumbini, juu yake rangi ya mafuta. Iling'ara, watu wakaja kutupongeza. Sasa inafura kama chapati. Ukiibonyeza inatoka vipande, na nyuma yake unga mweupe, nimeuonja, chumvi tupu. Juzi usiku kipande ukubwa wa sinia kiliangukia jikoni, uji wa mtoto ukaenda arijojo.

Fundi mpya anasema tubandue, tupige saruji nzito zaidi, halafu tuvunje ukuta wa kati tupate sebule pana. Kaka wa Muscat kafurahi, anataka na madirisha ya alumini. Je, hiyo saruji itashika? Na kibali kinatakiwa hata kwa kazi ya ndani?

Fundi Mstaafu
Waalaykum salaam mwanangu. Huyo fundi asiguse ukuta wa kati! Inua macho uangalie boriti zimelalia wapi. Unadhani vyumba vyetu vimekuwa vyembamba kwa ubahili? Ni urefu wa mkoko. Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana kila baada ya hapo pana ukuta. Ukiuvunja, sakafu ya juu itashikwa na nini, dua?

Saruji haitashika hata ukiipiga mara saba. Ukuta wako ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, unakunywa maji na kuyatoa. Saruji inaziba, maji yanabaki ndani, chumvi inasukuma lipu. Bandua yote, uache ukuta ukauke miezi, ndipo upige chokaa iliyolowekwa ikalala shimoni muda mrefu, si ile ya leo leo. Lakini kwanza panda juu utazame maji yanaingilia wapi. Ukianza na lipu umefua nguo mvuani.

Kibali ndiyo, nenda Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla ya nyundo ya kwanza. Mji wote ni hifadhi, hilo lilikuwapo tangu 1985, kabla UNESCO haijatuandika kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Alumini usahau.

Mtoto wa Darajani
Mzee wangu shikamoo, lakini tuseme kweli. Chokaa nzuri na fundi anayeijua ni ghali, na kukaa mwaka mzima na ukuta uchi si mchezo ukiwa na mtoto. Urithi wa dunia sawa, bili ya nani? Wenye hoteli wanaweza, sisi je?

Fundi Mstaafu
Marahaba. Ghali, sibishi. Ila Beit al Ajaib ya 1883 tuliiona 25 Desemba 2020, upande mzima ukashuka na watu wawili wakafa. Ile ni jumba la Sultani, sembuse kibanda changu na chako. Fanyeni chumba kimoja kimoja.

Bi Mdogo wa Kiponda
Shukrani sana. Nimeingia na tochi: boriti zote za ukumbini zimelalia ukuta ule ule. Mbili vichwa vyake vimeoza, kidole kinazama. Nimepanda na juu. Bomba la mvua la jirani limekatika, linamwaga kwenye ukuta wetu, na hapo umeota mtini, shina limeshafika unene wa kifundo cha mkono.

Picha nimezituma kwa kaka. Amejibu kitu kimoja: "Kumbe huo mti bado upo?"

Fundi Mstaafu
Usiung'oe! Utatoka na mawe. Ukate, mizizi uiache ifie ndani. Na jirani mwambie leo, kabla ya masika.