Naomba ushauri: kondoo wamekwangua tuta la Offa's Dyke

Wakuu, salaam. Ni kipande cha Offa's Dyke, mpakani mwa Uingereza na Wales: tuta la udongo linalohusishwa na Offa, mfalme wa Mercia, ufalme wa kale katikati ya Uingereza (757–796), handaki likiwa upande wa magharibi. Kondoo hujibanza hapo kukwepa upepo, nyasi zimekwisha, na mvua inakula udongo. Kidonda kina upana wa mita 3 na kina cha sentimita 40. Juu yake nyasi zinaning'inia. Zikikatika, kidonda kitapanda hadi kileleni.

Mpango wangu: kwanza kibali cha kufanya kazi kwenye eneo la kale linalolindwa kisheria, maana hata kuchimbia nguzo bila hicho ni kosa la jinai. Kisha kutandika kitambaa kinachopitisha maji, ili udongo wa kale usichanganyike na wa kujazia, kushindilia udongo kwa tabaka za sentimita 10 hivi, na kupigilia mabamba ya nyasi kwa vigingi vya mti.

Ninapokwama: mteremko ni mkali, na kukata ngazi kwenye udongo wa kale hakuruhusiwi. Magunia ya katani yaliyojazwa udongo yatashika, au yataoza kabla ya mizizi kukamata? Na uzio gani huzuia kondoo bila kuchimba? Nyasi nipande vuli au masika?