Naomba ushauri: picha ya bibi imetikisika, niiwasilishe?

Habari zenu wakuu. Nina miezi miwili tu ya kujifunza kupiga picha, hapa Tanga. Mwalimu ametaka kila mmoja alete picha tatu zenye maana kwake na aeleze kwa nini.

Mbili ninazo. Ya tatu ndiyo inanisumbua: bibi yangu anakuna nazi kwenye mbuzi, jikoni, jua linazama. Niliipiga kwa spidi ya 1/15 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 400, kamera nimeishika mkononi, basi mkono wake umekuwa kama moshi. Uso nao una giza. Lakini kila nikiiangalia nasikia kabisa ule mkwaruzo wa nazi.

Nimeirudia mchana karibu na mlango, ISO 1600, spidi 1/125. Zimetoka safi, ila bibi kajifunga kanga mpya na anakodolea kamera kama anapigwa ya pasipoti! Ile ya kwanza nimejaribu kuiongezea mwanga kwenye simu, ikajaa chenga, vile vidoadoa.

Sasa, niwasilishe iliyotikisika, au mwalimu ataona sijui kazi? Na uso ule naweza kuupa mwanga bila kuleta chenga, wakati niliipiga kwa JPEG tu (faili ambalo kamera imeshalibana)?