Nimeendesha baiskeli kilomita 140 za changarawe mashindanoni, kisha nikaitwa muuza dagaa

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika nikiwa bado na vumbi la Sengerema masikioni. Yule bwana wa kipaza sauti mnamfahamu, kwa hiyo sina haja ya kumtaja. Leo, nikiwa nimebakiza mita 50 kumaliza mbio, alinitangazia mbele ya umati: "Wewe muuza dagaa, ondoa baiskeli yako njiani, washiriki wanakaribia!"

Muuza dagaa!

Tulivuka daraja la Kigongo–Busisi alfajiri, takribani kilomita 3 za upepo wa ziwa unaokusukuma ubavuni, kisha tukaiacha lami na kuingia barabara za vijijini, ambako moramu imejikunja kama bati hadi meno yangu yakaanza kubadilishana nafasi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga mvua ya usiku ilikuwa imeacha gundi, si tope: linajaa kati ya tairi na uma, gurudumu linagoma, na baiskeli inakuwa na uzito wa ng'ombe wa mahari. Niliibeba begani, nikalikwangua tope kwa kijiti, nikaibeba tena. Nimeziba pancha nne. Baada ya hayo yote, mtu aliyekaa kivulini tangu asubuhi akinywa soda ananitazama, anatafakari, na kuamua kwamba mimi ni muuza dagaa.

Nakiri kwamba baiskeli yangu ina keria, na kwamba juu yake nilifunga kidumu cha maji kwa mpira wa tyubu. Lakini tangu lini keria ikamfutia mtu ushiriki, tena huku Usukumani? Namba yangu ilikuwa kifuani, ingawa tope lilikuwa limeifunika. Na linaloniuma kuliko yote ni kwamba nilitii. Nilisogea pembeni, ndugu zangu, na washiriki wawili wakanipita.

Mjukuu wa Busisi: Pole sana, mkuu. Naomba kuuliza, dagaa hao ulikuwa unawauza kwa kisado au kwa gunia?

Sangara Mkavu: Mwaka 2023 kule Emporia, Kansas, Marekani, washiriki wa mashindano ya baiskeli ya changarawe yaitwayo Unbound walibeba baiskeli zao za bei mbaya katika tope la namna hiyo hiyo, na mbio zao kuu ni za maili 200, yaani takribani kilomita 322. Wewe kwa 140 tu umeitisha kikao.

Mwanzilishi wa uzi: Huko Kansas hakuna aliyeitwa muuza dagaa.

Dada wa Pasiansi: Afadhali wewe umeonekana. Mimi nilifika saa moja usiku, nikakuta mstari wa kumalizia umekwisha kung'olewa na wali wote umeliwa.

Mjukuu wa Busisi: Wali ulikuwepo? Sisi wa kundi la pili tuliambiwa ni ndizi tu.

Fundi Spoki: Kuhusu pancha nne, hapo kosa ni la upepo. Ukitumia tyubu na kupunguza upepo kupita kiasi, rimu huibana tyubu juu ya jiwe na kuitoboa matundu mawili yaliyokaa sambamba. Uliyakagua?

Mwanzilishi wa uzi: Yalikuwa mawili mawili. Lakini tusitoke kwenye mada: nilisogea pembeni!

Sangara Mkavu: Mkuu, keria hiyo kama inauzwa, naomba bei.